Moshi Upewe Njia Kabla ya Moto: Kupanga Meko na Dohani Salama Nyumbani

   Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nataka tuzungumze juu ya moto wa kuni ndani ya nyumba, hasa juu ya kitu ambacho watu hukikumbuka mwisho, ukuta ukiwa umeshasimama na pesa zimekwisha. Kitu hicho ni dohani, ile ambayo wengi wetu huiita chimni.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya baridi. Wasikilizaji wa Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa hawahitaji kuelezwa mwezi wa Julai ulivyo. Mji wa Nyahururu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku mtoto mchanga hupata baridi hata akiwa na sweta mbili. Siku hizi watu wanaojenga nyumba za mawe huko hupenda kuweka meko sebuleni, yaani fayaplesi, kama zile za nyumba za zamani za masetla. Wengine hujenga jikoni jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi. Wote hao nawaunga mkono. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kumwonyesha fundi mahali moto utakapokaa, mwonyeshe kwanza mahali moshi utakapopita.

Moshi wa kuni umezoeleka mno hata hatuuoni kuwa adui. Tunasema huyu mtoto ana kikohozi cha baridi, kumbe baridi haina makosa. Chembechembe za moshi ni ndogo sana. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyadhoofisha, na vijidudu vya nimonia vinapokuja vinakuta mlango wazi. Mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa mapafu yake bado yanakua, anapumua haraka kuliko mtu mzima, na tena kutwa yuko mgongoni kwa mama mbele ya jiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Si jambo la mbali nasi. Katika sensa yetu ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilisema zinapika kwa kuni.

Moshi una mwenzake ambaye ni mbaya zaidi kwa kuwa haonekani. Ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hutoka kwa moto wowote wa kuni au makaa usiopata hewa ya kutosha, na hutoka kwa wingi wakati moto umekuwa makaa mekundu yasiyo na moshi, wakati ule ambao tunasema, sasa umekuwa safi, ingizeni ndani. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, kisha usingizi. Aliyelala hapati hata nafasi ya kuamka afungue dirisha. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyoingiza jiko la makaa chumbani ikafunga madirisha. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa na mtoto anayetetemeka.

Je, dohani inasaidia kweli, au ni urembo wa nyumba za matajiri? Kuna utafiti mmoja ninaopenda kuutaja. Ulifanyika katika nyanda za juu za Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, mahali penye baridi kama kwetu, ambako akina mama hupikia moto wa wazi ndani ya nyumba. Watafiti walichukua nyumba 534. Nusu yake hivi zikajengewa jiko la kuni lenye dohani, na nyingine zikaendelea na moto wa kawaida mpaka utafiti ulipokwisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika nyumba zenye dohani, gesi ya kaboni monoksidi waliyovuta watoto ilipungua kwa nusu, na nimonia kali, ile ya kulazwa hospitali, ilipungua kwa takriban theluthi moja. Lakini niseme ukweli wote: nimonia kwa jumla, ukihesabu na ile nyepesi, haikupungua kwa kiasi ambacho watafiti wangeweza kuthibitisha. Kwa hivyo dohani haimalizi moshi, inaupunguza. Ndiyo maana namna ilivyojengwa ni muhimu sana. Dohani mbovu inakula pesa zako na kukuachia moshi wako.

Sasa tuje kwa mpango wenyewe. Mimi si fundi wa ujenzi, lakini nimetembelea majiko mengi kijijini, na unaweza kujua kwa kutazama ukuta tu kama dohani inafanya kazi. Ukuta ukiwa mweusi juu ya jiko, moshi haupandi.

Kwanza ni mahali. Dohani hufanya kazi kwa sababu hewa yenye joto hupanda. Kadiri bomba linavyobaki na joto na kadiri linavyokwenda wima, ndivyo linavyovuta vizuri. Kwa hivyo chagua mahali ambapo dohani itapanda moja kwa moja hadi juu ya paa bila kona. Ikibidi kona iwepo, iwe moja, na iwe ya kuinama kidogo. Bomba linalotoka ukutani kwa upande na kuishia hapo chini ya paa halifai. Upepo ukivuma kutoka upande huo, moshi wote unarudi ndani. Na dohani inayopita ndani ya nyumba hubaki na joto kuliko ile iliyobandikwa ukuta wa nje, tena inapasha joto chumba inachopitia.

Pili ni kipimo, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Kwa meko ya sebuleni, nafasi ya ndani ya dohani isipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko. Tufanye hesabu pamoja. Mdomo wa meko ukiwa na upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 60, eneo lake ni sentimita za mraba 4,500. Sehemu moja ya kumi ni 450. Dohani ya mraba yenye sentimita 22 kwa 22 ndani inatosha. Watu hutaka mdomo mkubwa wa kupendeza wageni, kisha wanaweka bomba jembamba kwa sababu ya gharama. Afadhali upunguze mdomo. Kuanzia sakafu ya meko hadi ncha ya dohani, lenga angalau mita nne na nusu. Jiko la kupikia jikoni lina mdomo mdogo, na kwa hilo bomba la kipenyo cha sentimita 10 hadi 15 hutosha.

Juu ya paa, dohani isichungulie tu kama kobe. Iinuke angalau sentimita 90 kutoka pale inapotokeza, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa, ukuta au mti ulio ndani ya mita tatu. Ikiwa fupi kuliko hapo, upepo unaoruka juu ya paa huanguka ndani ya bomba. Ncha yake iwe na kofia ya kuzuia mvua, na chini ya kofia pawe na wavu wa waya wa kuzuia cheche na ndege. Ndege wanapenda sana dohani ambayo haijawashwa tangu Agosti. Kiota kimoja kikiziba bomba, moshi na gesi vitarudi kwenu usiku wa kwanza wa baridi.

Jambo la tatu ni mbao, na hapa naomba unisikilize vizuri hata kama chungu kinafurika. Bomba la chuma lenye ukuta mmoja huwa moto sana. Likipita karibu na mbao za paa au silingi, mbao hizo hukauka mwaka baada ya mwaka hadi siku moja zinashika moto zenyewe, pengine saa nane za usiku. Bomba la namna hiyo liwe mbali na mbao yoyote kwa sentimita 45, yaani mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Pale linapopenya silingi, fundi akate tundu pana na kulizungushia bati gumu, asiache mbao igusane na chuma. Dohani ya matofali au mawe inahitaji nafasi ndogo zaidi, lakini nayo isishikane na mbao. Acha sentimita tano. Usikubali fundi aegemeze boriti juu yake eti inasaidia kubeba paa. Na kama nyumba ni ya nyasi, usipitishe bomba kwenye nyasi kabisa. Jenga jiko lako katika chumba cha pembeni kilichoezekwa kwa mabati. Kama paa lako la zamani ni la asbestosi, usimruhusu mtu alitoboe au kulikata, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Kuhusu vifaa, matofali ya kuchomwa na udongo wa mfinyanzi, au ule wa kichuguu, hustahimili moto vizuri kuliko saruji tupu, ambayo hupasuka. Mawe ya mtoni yasiwekwe mahali moto unapogusa, kwa maana maji yaliyofichika ndani yake yanaweza kuyapasua kwa nguvu. Bomba ukilitengenezesha kwa mafundi wa jua kali, uliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 26, na bati jembamba hutoboka upesi. Tena sehemu ya bomba iliyo karibu na moto isiwe ya mabati yaliyopakwa zinki, yale yanayong'aa. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Hapo tumia bati jeusi nene au udongo, kisha juu, palipo na joto la kadiri, mabati ya kawaida yanaweza kuendelea.

Moto nao unahitaji kupumua. Nyumba zetu nyingi za mawe zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na jambo la kwanza tunalofanya baridi ikija ni kuyaziba kwa magazeti na nguo kuukuu. Ukiyaziba, dohani haiwezi kuvuta, kwa sababu hewa ya kuingia haipo. Yaache wazi. Ukijenga upya, mwambie fundi aache tundu la ukubwa wa tofali karibu na meko, upande wa chini wa ukuta, na alifunike kwa wavu panya wasiingie.

Mbele ya meko, sakafu iwe ya saruji, mawe au vigae kwa nusu mita, na pande zote mbili kwa zaidi ya sentimita 20. Zulia, mkeka na kochi vikae mbali. Halafu weka kizuizi cha chuma, ule uzio mdogo wa nondo na wavu, uliofungwa ukutani ili mtoto asiweze kuuvuta. Watu huniambia huo ni ukali wangu wa kliniki. Mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake, na hajui tofauti ya kiti na jiko. Mkono ulioungua ukipona vibaya, vidole hushikamana, na ataingia darasa la kwanza akishindwa kushika kalamu.

Akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, samli wala yai. Funika kwa kitambaa safi kisichonata na umpeleke zahanati mara moja.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi salio kabla hujaijaribu. Mwambie kwa upole, "Fundi, ahsante kwa kazi, hebu tuwashe tuone." Acha udongo ukauke kwanza kwa siku kadhaa, kisha washa moto mdogo wa majani makavu, milango ikiwa imefungwa kama itakavyokuwa usiku. Tazama. Mara ya kwanza bomba likiwa baridi, moshi kidogo unaweza kurudi kwa dakika moja au mbili. Baada ya hapo uwe unapanda wote. Kagua na viungo vya bomba kwa macho na kwa pua. Moshi ukiendelea kurudi, fundi bado hajamaliza.

Kuni ziwe kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na kuacha ndani ya dohani utomvu mweusi unaonata, ambao ukizidi hushika moto. Pasua kuni zako, zipange mahali penye upepo chini ya paa, na uzipe miezi sita. Ukizigonga kipande kwa kipande zikalia kwa sauti kali, zimekauka. Plastiki, nepi na mbao zilizopakwa rangi au dawa zisitumike kuwashia moto, hata kidogo. Na dohani isafishwe kila miezi mitatu ya matumizi, au mapema zaidi masizi yakizidi unene wa kalamu ya risasi. Moto uwe umezimika tangu jana, jifunge kitambaa puani, na mtoto asiwe karibu. Wengine hutumia gunia lililofungwa kwenye kamba pamoja na jiwe, wakalivuta juu na chini. Kazi ya kupanda paa mwachie mwenye ngazi nzuri.

Ikitokea moto ukashika ndani ya dohani, utasikia mngurumo kama wa lori. Toa watoto nje kwanza, kisha ita majirani. Usimwage maji ndani ya dohani. Matofali yenye moto hupasuka.

Majivu nayo yana hila. Makaa yanaweza kukaa hai ndani ya majivu kwa siku mbili. Yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje ya nyumba, mbali na ghala la mahindi.

Nimepata ujumbe kutoka kwa msikilizaji anayesema ana meko mapya yenye kifuniko ndani ya dohani, na mama mkwe wake humwambia akifunge usiku ili joto lisipotee. Dada yangu, mheshimu mama mkwe kwa mengine yote, lakini kifuniko hicho kisifungwe kama kuna hata kaa moja jekundu. Ukikifunga, ile gesi isiyoonekana haina pa kwenda ila chumbani kwenu. Mwambie ni muuguzi wa redio amekataza, lawama zije kwangu.

Mwingine ni mpangaji. Chumba si chake, mwenye nyumba hataki habari za kutoboa paa. Kwako mama, jiko liwake na likae nje, hata kuni zikishakuwa makaa. Ukilazimika kupikia ndani, mlango na dirisha viwe wazi, na mtoto akae na mtu mwingine mbali na moshi, si mgongoni mwako. Usiku ongeza blanketi, mvalishe soksi na kofia, lala naye pande moja. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, hata kwa dakika kumi.

Na kama tayari mtu amevuta gesi, ukamkuta amelegea au anatapika katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi upesi, na umpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Mama mjamzito aende bila kungoja, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia kabla mama hajasikia vibaya.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima, ukitazama saa ya simu. Wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukifikia hesabu hiyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, chukua kitabu cha Mama na Mtoto na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Maswali zaidi mpe mhudumu wa afya wa kijiji chenu, atanifikishia. Juma lijalo tutazungumza juu ya maji ya kunywa msimu wa mvua. Kwaherini.